Likizo kwa Sababu ya Ugonjwa wa Akili: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuandika Barua

Mfanyakazi wa Bungu anayeshikwa na malaria hapati taabu kumweleza mwajiri wake. Hutaja ugonjwa kwa jina, huonyesha karatasi ya zahanati, naye mwajiri humpa pole. Mambo huwa tofauti pale mtu yule yule anapokaa wiki tatu bila kupata usingizi, akashindwa kujumlisha hesabu alizozizoea, akawa analia bila kujua sababu, au anashtuka kila asikiapo pikipiki usiku. Huyo hana neno la kusema. Akisema anaumwa mawazo, ataambiwa kwamba kila mtu ana mawazo. Akisema ni akili, wenzake watasikia kichaa. Basi ama husingizia homa, ama hutoweka kazini bila kuaga, na baada ya siku chache nafasi yake hupewa mwingine.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mfanyakazi huyo na jamaa zake. Yanaeleza haki ya likizo ya ugonjwa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ambayo inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa hiyo msomaji aliyeajiriwa Unguja au Pemba asitumie hesabu za siku tunazozitoa hapa. Askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wametengwa na sheria hiyo ya 2004 na wana taratibu zao. Walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji na watumishi wengine wa umma wanapaswa kuanza na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, ambazo zina sehemu yake juu ya ugonjwa na likizo. Waliobaki, kuanzia karani wa chama cha msingi cha korosho hadi mhudumu wa kituo cha mafuta, mlinzi, mpishi wa mgahawa na mfanyakazi wa nyumbani, wamo ndani ya maelezo yanayofuata.

Ruhusa na likizo si kitu kimoja

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "kuomba ruhusa" kwa kila aina ya kutokuwapo kazini: kwenda msibani, kupeleka mtoto hospitali, kuumwa, kupumzika. Mazoea haya ya lugha yana gharama. Ruhusa ni hiari ya mwenye kuitoa, na anayeiomba huwa tayari kuikosa. Likizo ya ugonjwa ni haki iliyowekwa na sheria, na barua ambayo mfanyakazi huandika kwa ajili yake, ingawa kwa heshima huitwa maombi, kwa hakika ni taarifa inayoambatana na ushahidi.

Sheria, katika kifungu cha 32 kama ilivyotungwa, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa likizo. Mzunguko huo kwa likizo ya ugonjwa ni miezi 36, si mwaka mmoja kama wengi wanavyodhani. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili. Siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Hakuna mahali ambapo sheria inatofautisha ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili. Sonona iliyothibitishwa na mtabibu inaingia katika siku hizo 126 sawa na kuvunjika mguu.

Likizo ya mwaka ni jambo jingine. Hiyo ni siku 28 mfululizo katika kila miezi 12, sikukuu za kitaifa zinazoangukia humo zikiwamo, na mwajiri ndiye mwenye kauli juu ya wakati wa kuitoa, mradi asiivushe zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kumalizika, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanastahili hivyo. Hapa ndipo wafanyakazi wengi hupoteza haki yao bila kujua. Mtu anaugua, anaona haya kutaja ugonjwa, anaomba likizo yake ya mwaka ili akapumzike, au mwajiri mwenyewe anamwambia, "Chukua likizo yako uende ukatulie." Sheria inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi, au hata kumruhusu, atumie likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Mgonjwa apewe likizo ya ugonjwa, na siku zake 28 zibaki pale pale.

Ziko pia siku nne za mshahara ambazo mfanyakazi hupewa mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Tunazitaja kwa sababu huzuni ya msiba mara nyingi haikomi siku ya nne. Mfiwa aliyerudi kazini na akaona hawezi kula, kulala wala kufanya kazi hana sababu ya kuomba siku za msiba ziongezwe. Aende kituo cha afya. Akionekana mgonjwa, likizo yake sasa ni ya ugonjwa.

Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Sheria hata hivyo inawatoa wafanyakazi wa msimu katika sharti hilo, na jambo hili ni kubwa kwa Bungu na Kibiti kwa jumla, ambako ajira nyingi huja na msimu wa korosho kuanzia mwezi Oktoba na kuondoka nao. Vilevile, aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, na vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anastahili.

Kwa wale wanaoitwa vibarua, jina hilo peke yake halimalizi mjadala. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi ikiwa, kwa mfano, amemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au ikiwa namna na saa za kazi yake zinasimamiwa na mwenye kazi, au anategemea kipato kutoka kwake. Sifa moja yatosha kuanzisha dhana hiyo, na ni juu ya mwenye kazi kuonyesha vinginevyo.

Kinachohesabiwa kuwa ugonjwa

Hakuna anayeweza kudai likizo ya ugonjwa kwa sababu tu amechoka na kazi au amekosana na msimamizi. Tunalisema hili mapema kwa sababu maneno "msongo wa mawazo" sasa yanatumika kwa kila kero, na mwajiri aliyeyasikia mara kumi huacha kuyasikiliza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliutambua uchovu wa kupindukia utokanao na kazi kuwa hali inayohusiana na ajira, lakini halikuuweka miongoni mwa magonjwa. Matokeo yake kwa msomaji ni haya: cheti kinachosema "amechoka, apumzike" ni dhaifu kuliko cheti cha mtabibu aliyempima mgonjwa na kuona sonona, ugonjwa wa wasiwasi au kiwewe baada ya tukio la kutisha.

Dalili ambazo zinastahili kumpeleka mtu kwa mtabibu zinajulikana. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi unaokatika saa nane za usiku na kutorudi. Moyo kwenda mbio bila kukimbia. Kusahau mambo ya kawaida. Maumivu ya kichwa, tumbo au mgongo yasiyoonekana katika vipimo. Kwa watu wengi wa pwani hii ndiyo lugha ya kwanza ya sonona, na mgonjwa huweza kutibiwa malaria mara tatu kabla ya mtu yeyote kumuuliza juu ya usingizi. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Na kufikiri kwamba afadhali kufa: dalili hii haingojei barua wala zamu ya kliniki. Anayeiona kwa ndugu yake asimwache peke yake, na amfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Wakazi wa eneo hili wana sababu zaidi ya moja za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti na Rufiji ziliishi katika hofu ya mauaji yaliyowalenga viongozi wa vijiji, askari na raia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, karibu kabisa na hapa. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliwatoa watu majumbani na kuzamisha mashamba ya bondeni, na mwanzoni mwa Mei kikafuata Kimbunga Hidaya. Wapo waliorudi kazini wiki moja baada ya kupoteza nyumba na chakula cha mwaka mzima. Kiwewe hakina kawaida ya kujitokeza siku ya tukio. Huweza kungoja miezi, hata miaka, na kuamshwa na jambo dogo kama mvua ya usiku. Mtabibu anayehoji historia ya mgonjwa anahitaji kuambiwa mambo haya, hata kama yanaonekana ya zamani.

Cheti, na nani anayekitoa

Haki ya malipo inasimama juu ya cheti cha matibabu. Bila cheti, mwajiri hawajibiki kulipa siku hizo. Sheria inataka cheti kitolewe na mtabibu aliyesajiliwa, au na mtabibu mwingine ambaye mwajiri anamkubali. Na hapo sheria inaongeza kwamba mwajiri hawezi kukataa kumkubali bila sababu ya maana.

Kipengele hiki cha mwisho kina thamani kwa watu wa vijijini. Katika zahanati nyingi anayemwona mgonjwa ni tabibu, na hakuna daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa kumwandikia. Mwajiri anayepokea karatasi za zahanati hiyo kila mara mtu anapougua malaria atapata shida kueleza kwa nini anaikataa siku ugonjwa unapokuwa wa akili. Hata hivyo tunamshauri mgonjwa, ikiwa hali yake itahitaji zaidi ya siku chache, aombe rufaa: Hospitali ya Mchukwi, hospitali ya wilaya, au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, iliyopo Dodoma tangu 1927, ni ya rufaa kubwa, na wagonjwa wengi hawatahitaji kufika huko. Asiye na uwezo wa kulipia aonane na Afisa Ustawi wa Jamii wa kituo kabla hajaamua kurudi nyumbani, kwani ndiye anayeshughulikia misamaha.

Cheti kizuri kina jina la kituo na muhuri, jina na saini ya mtabibu, tarehe ya kumwona mgonjwa, idadi ya siku za kupumzika na tarehe ya kurudi kliniki. Wafanyakazi huiita karatasi hiyo ED, na wengi huipokea bila kuisoma. Isome ungali mbele ya mtabibu. Tarehe iliyoandikwa vibaya ni rahisi kurekebishwa dakika ile, lakini mezani kwa mwajiri huonekana kama udanganyifu. Ugonjwa wa akili aghalabu hauponi ndani ya siku tatu, na pale mtabibu anapoandika siku chache kwa mazoea, mgonjwa ana haki ya kumuuliza kama zinatosha.

Wako watu wanaouza vyeti. Mnunuzi wa cheti bandia anafanya kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na papo hapo anampa mwajiri sababu halali ya kumwachisha kazi kwa kukosa uaminifu, hata kama ugonjwa wake ulikuwa wa kweli. Barua ya mganga wa tiba asili, au ya shehe aliyemsomea mgonjwa, haichukui nafasi ya cheti. Hatusemi mtu aache visomo. Tunasema apite pia kituo cha afya.

Je, ni lazima mwajiri ajue jina la ugonjwa? Sheria inadai cheti. Haimdai mfanyakazi asimulie maisha yake. Mgonjwa anaweza kumwomba mtabibu aandike kwamba hawezi kufanya kazi kwa sababu za kiafya kwa muda uliotajwa, na kwa likizo fupi hilo kwa kawaida hutosha. Kwa likizo ndefu, au pale mgonjwa anapohitaji kubadilishiwa majukumu, kunyamaza kabisa humnyima mwajiri nafasi ya kusaidia. Kwa maoni yetu ni afadhali jambo lielezwe kwa mtu mmoja, meneja au afisa utumishi, kwa maandishi na kwa siri. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msimamizi anayepiga picha cheti cha mfanyakazi na kukituma katika kundi la WhatsApp la ofisi anaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kutoa taarifa na kuandika barua

Kosa linalowaumiza wagonjwa wengi ni ukimya. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinahesabu kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kusababisha kuachishwa kazi. Mtu mwenye sonona kali huweza kupitisha siku tano kitandani asione hata simu. Kwa sababu hiyo, jukumu la kwanza huwaangukia jamaa zake: ujumbe mfupi kwa mwajiri siku ya kwanza, kwamba fulani anaumwa, anapelekwa hospitali, cheti kitafuata. Kwa mtu wa Msala au Kiongoroni, ambaye safari ya kwenda kituo cha afya inategemea maji kupwa na kujaa, cheti kinaweza kuchelewa kwa sababu za wazi kabisa, lakini ujumbe hauna sababu ya kuchelewa. Usiufute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kuwa ushahidi.

Barua yenyewe iwe fupi. Tunaweka hapa mfano ambao msomaji anaweza kuunakili na kujaza:

*Meneja / Mwajiri,*
*(jina na anwani ya mahali pa kazi)*
*Tarehe ......*

*YAH: LIKIZO YA UGONJWA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mwajiriwa wako katika nafasi ya ...... tangu tarehe ....... Ninakuarifu kwamba nimepimwa katika ...... tarehe ...... na mtabibu ameelekeza nipumzike kwa siku ......, kuanzia tarehe ...... hadi ....... Nakala ya cheti imeambatishwa.*

*Ninaomba siku hizi zihesabiwe katika likizo yangu ya ugonjwa, na si katika likizo yangu ya mwaka. Kazi zilizokuwa mikononi mwangu nimemkabidhi ....... Nitarudi kliniki tarehe ...... na nitakuarifu maendeleo.*

*Ninaomba taarifa za afya yangu zihifadhiwe kwa siri.*

*Wako mtiifu,*
*(jina na saini)*

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa mwajiri, nyingine irudi nyumbani ikiwa na saini au muhuri wa aliyeipokea. Mwajiri akikataa kusaini, itume kwa njia ya simu pia na uandike nyuma ya nakala yako siku na saa ulipoipeleka na nani alikuwapo.

Kuna barua nyingine ambayo tunasihi isiandikwe katika wakati huu, nayo ni ya kuacha kazi. Mgonjwa wa sonona huamini kwa dhati kwamba hafai, kwamba anawachelewesha wenzake, kwamba kuondoka ni kuwatendea wema. Imani hiyo mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa na hupungua kwa matibabu; barua iliyosainiwa haipungui. Mwajiri akikuletea barua ya kuacha kazi iliyokwisha kuchapwa, omba kwenda kuisoma nyumbani.

Mshahara unapopungua

Tuchukue mfanyakazi anayelipwa Sh 360,000 kwa mwezi na anayerejesha mkopo wa Sh 150,000 kila mwezi. Kwa wiki tisa za kwanza hali yake haibadiliki. Kuanzia siku ya 64 mshahara unakuwa Sh 180,000, na rejesho likikatwa anabakiwa na Sh 30,000 za kula, nauli na dawa. Hesabu hii, kuliko ugonjwa wenyewe, ndiyo inayowarudisha watu kazini kabla ya wakati, na ndiyo inayowasukuma kwa wakopeshaji wa kausha damu.

Aende kwa mkopeshaji kabla ya siku ya 64, na cheti mkononi, aombe rejesho lipunguzwe au lisogezwe. Mkopeshaji halazimiki kukubali, lakini wengi hupenda kulipwa polepole kuliko kutolipwa. Asikope kwa mtu asiye na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mwajiri naye haruhusiwi kukata mshahara wa mgonjwa apendavyo: makato yawe yale yanayoruhusiwa na sheria, amri ya mahakama au makubaliano ya pamoja, ama deni ambalo mfanyakazi ameliridhia kwa maandishi.

Tunatambua kwamba upande wa pili nao una uzito. Mwenye duka moja pembeni mwa barabara ya Kilwa, mwenye mhudumu mmoja, analipa mshahara wa mgonjwa na ujira wa anayeshika nafasi yake kwa wakati mmoja, na sheria haikumwekea msamaha kwa udogo wa biashara yake. Kwa mwajiri wa namna hii mazungumzo ya mapema yana faida kuliko ukali: mara nyingi mtabibu ataona mgonjwa anaweza kurudi kwa nusu siku, au kwa zamu za mchana tu, muda mrefu kabla hajapona kabisa. Makubaliano ya namna hiyo yaandikwe, yakitaja saa, malipo na siku ya kuyapitia upya.

Siku zikiisha, au mwajiri akikataa

Kumalizika kwa siku 126 hakumaanishi kwamba ajira imekwisha. Kanuni za Utendaji Bora zinamtaka mwajiri achunguze kwanza ugonjwa umefikia kiasi gani, ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au nyingine nyepesi kupatikana. Tena amsikilize mfanyakazi mwenyewe, akiwa na mwakilishi akipenda. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki anayopewa na sheria, au kwa sababu ya ulemavu, si sababu halali, na ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi wake ulikuwa wa haki. Kinga hii ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliye chini ya miezi sita kazini.

Likizo ikikataliwa, hatua ya kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO, TPAWU au CHODAWU, amwone kiongozi wa tawi lake. Asiye mwanachama anaweza kumwona Afisa Kazi wa mkoa, mwenye mamlaka ya kukagua mahali pa kazi. Jambo lisipotengemaa, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fomu ya Tume hujazwa, nakala hupelekwa kwanza kwa mwajiri, kisha fomu na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata huwasilishwa kwa Tume. Mlalamikaji anaweza kujiwakilisha mwenyewe, kwa hiyo anayedai fedha nyingi kwa ajili ya kujaza fomu hiyo peke yake anauza kitu ambacho msomaji wa makala haya anaweza kukifanya.

Muda ni mfupi. Mgogoro wa kuachishwa kazi huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Migogoro mingine, kama kunyimwa malipo ya likizo, ndani ya siku 60. Aliyepitiwa na muda huo kwa sababu alikuwa amelazwa au hajiwezi anaweza kuiomba Tume imwongezee muda, na hapo vyeti vya kliniki, tarehe za kulazwa na ule ujumbe wa simu wa siku ya kwanza ndivyo vitakavyoeleza sababu za kuchelewa.